Yaya wako si mvivu

Dada, unasema yaya wako, ndugu yako mkubwa aliye Bruxelles, hapigi tena simu tangu Novemba, analala tu. Tafadhali usimwite mvivu! Sisi Bukavu, hata mvua ikishinda juu ya Kivu, jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja, na asubuhi linachomoza karibu saa tatu. Mwanga ukipungua hivyo, saa ya mwili ya watu wengine inavurugika: usingizi mwingi, huzuni, hamu ya mikate na sukari. Ni ugonjwa kabisa, huzuni ya majira ya baridi; watafiti wa Marekani waliueleza mwaka 1984. Atoke nje asubuhi hata kukiwa na mawingu, na amuulize daktari kuhusu taa kali ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), nusu saa kila asubuhi. Nawe mpigie leo, usingoje apige yeye.