Hakunipiga, mbona bado naumia?

SWALI: Ndugu Mshauri, niliishi na mwenzangu miaka 6. Hakuwahi kunipiga, na hata aliponinunia wiki nzima, jioni moja alinibembeleza. Ila nilipomkumbusha alichosema jana yake, alinijibu kwa upole kwamba nina tabia ya kubuni mambo, hadi nikawa narudi mlangoni mara tatu kuhakikisha kama nimefunga. Tumeachana miezi 8 sasa, lakini kila akiniandikia "umeamkaje?" moyo hunidunda, nikahisi huenda kosa lilikuwa langu. Je, nirudi?

JIBU: Usirudi, na nalitanguliza hilo kwa sababu maelezo yake ni marefu. Mtu anayekanusha kila mara uliyoyasikia kwa masikio yako hatafuti ushindi wa ubishi wa siku ile tu. Anakunyang'anya imani ya kumbukumbu yako, ili hatimaye umtegemee yeye akueleze kilichotokea. Huo mlango wako unaonyesha shaka hiyo ilifika wapi. Wala usijipunje kwa kuwa hukupigwa: katika England na Wales, sheria ya mwaka 2015 inauhesabu udhibiti wa namna hii kuwa kosa la jinai, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 5.

Moyo kudunda nako kuna sababu. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha kwamba mnyama aliyezoea kupata chakula mara chache, kwa nyakati asizoweza kuzitabiri, huendelea kukitafuta muda mrefu baada ya kukatiwa, kuliko yule aliyekuwa akipewa kila mara. Wewe nawe ulinuniwa wiki nzima, kisha ukabembelezwa jioni moja, na jioni hiyo ndiyo unayoingojea kila simu inapolia. Kwa hiyo kumkumbuka si ushahidi kwamba ulikosea kuondoka.

Izuie namba yake leo, bila kumuaga. Akikutishia au kukufuatafuata, mwambie mtu unayemwamini na utoe taarifa polisi. Na usingizi ukikupaa, muone mshauri nasaha. Kisha tafuta daftari, uandike matukio aliyoyakanusha: ulisikia nini, lini, kwa maneno gani. Yaandike hata madogo ya leo, kama vile "nimefunga mlango saa 2:15 asubuhi", na ukifika njiani shaka ikakushika, fungua daftari, usome mstari huo, uendelee na safari yako.