Kichwa kinachojiandika kinarusha ukurasa wangu

SWALI: Mtaalam habari za kazi. Kwenye websaiti yangu nimeweka kichwa kinachojiandika herufi moja moja, "Tunabuni nembo", halafu neno la mwisho linafutika linakuja lingine, mabango, vitabu vya watoto, inazunguka hivyo hivyo. Kwenye kompyuta iko poa ila kwa simu ukurasa wote unarukaruka, mtu anataka kubonyeza batani anakuta imeshashuka. Niitoe au kuna dawa?

JIBU: Usiitoe, dawa ipo. Skrini ya simu ni nyembamba, kwa hiyo "Tunabuni nembo" inaenea mstari mmoja ila "Tunabuni vitabu vya watoto" inadondokea mstari wa pili, basi neno refu likiingia kila kitu kinasukumwa chini, fupi likirudi vyote vinapanda. Kwenye CSS (kodi inayopanga mwonekano wa ukurasa) kipe hicho kichwa min-height, yaani kimo cha chini kabisa, inayotosha neno refu kuliko yote, ukurasa utatulia.

Sasa ugomvi wangu na wewe ni huko kuzunguka bila mwisho. Mtu anasoma maelezo huku juu yake kuna kitu kinachezacheza, atasoma saa ngapi? Hata WCAG, mwongozo wa kufanya websaiti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, unasema kitu kinachoanza chenyewe na kucheza zaidi ya sekunde 5 karibu na maandishi mengine lazima kiwe na namna ya kukisimamisha, na mi badala ya kuongeza batani nyingine ningekiacha kizunguke mara moja tu kiishie kwenye neno linaloleta wateja.

Halafu angalia hizo herufi, kama umezikata kila moja na span yake (alama ya HTML inayofunga kipande cha maandishi), programu inayomsomea asiyeona inaweza kumtamkia "n, e, m, b, o". Weka sentensi nzima kwenye HTML tangu mwanzo, herufi zinazocheza zipe aria-hidden ili programu hiyo izipite. Na wapo ambao miondoko inawapa kizunguzungu wakaizima kwenye seting za simu, hao utawajua kwa sharti la CSS linaloitwa prefers-reduced-motion, waonyeshe kichwa kilichotulia basi.

Ukitaka kujaribu kitu kingine achana na kujiandika, fanya neno zima liteleze kutoka chini huku linatokea, tumia transform (ya kusogeza) na opacity (ya kufifisha) tu maana hizo hazimlazimishi brauza kupanga ukurasa upya kama ukichezea top au height, na simu za uwezo mdogo hazikwami sana. Anza na nusu sekunde, ukiona inachelewesha punguza.