Kompyuta ya Zamani na Windo Mpya: Maswali Yenu

Nina steshenari hapa Masasi. Fundi kasema kompyuta yangu haipokei Windows 11, ninunue nyingine. Ni kweli?

Huenda ni kweli, ila usitoe hela bado. Windows 11 inataka ramu (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kama prosesa ni Intel, iwe kizazi cha 8 kwenda juu. Soma jina la prosesa yako: i5-8250U ni kizazi cha 8, i5-3320M ni cha 3. Ikiwa ni ya 8 na bado inakataa, mara nyingi TPM imezimwa tu kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguliwa kompyuta inapowaka. Mwambie fundi aiwashe mbele yako.

Nikibaki na Windows 10 kuna ubaya gani? Mwalimu, Lindi mjini.

Mwalimu, Microsoft ilisitisha masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka, lakini matundu mapya ya usalama hayazibwi. Kuna nyongeza ya masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Unajiunga kwenye Settings, sehemu ya Windows Update, ukiwa na akaunti ya Microsoft.

Ni karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, Newala. Laptopu yangu ya 2012 inawaka taratibu mno. Windo mpya itaipa wepesi?

Hapana, ndugu yangu, itazidi kuelemewa. Kinachokuchelewesha, kwa umri huo, karibu kila mara ni diski. Ile ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa kinachohamahama kutafuta faili. SSD, diski ya kisasa, haina kitu kinachozunguka. Fundi anafungua skrubu za chini, anachomoa diski, anaweka SSD ya nchi 2.5 mahali palepale. Kwa hesabu na barua za chama, GB 240 zinakutosha kabisa. Ramu ukiifikisha GB 8, tofauti utaiona siku hiyohiyo. Nakusihi jambo moja: usiifungue wakati minada ya korosho imepamba moto na wakulima wanasubiri malipo. Subiri msimu uishe. Na diski ya zamani idai, usimwachie fundi, ina majina ya watu na namba zao za benki.

Nimesikia Linux Mint ni ya bure. Itafungua kazi zangu za Word? Kilwa Masoko.

Mint ni mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Itafungua, kwa LibreOffice, programu za ofisi zinazokuja nayo. Mitihani yenye majedwali na fomula huweza kuhama mistari, basi ya kuchapisha itunze kwa PDF. Mimi naipendekeza kwa moyo wote kwa mashine ya GB 4, hasa toleo lake jepesi la Xfce. Faili lake linakaribia GB 3, kwa hiyo lipakue kwa bando la usiku, uliandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu maalum (kunakili tu hakutoshi), uwashe kompyuta kwa flashi hiyo bila kufuta chochote kwenye kompyuta. Jaribu printa hapohapo. HP nyingi zinakubali. Canon ndogo za leza za zamani husumbua.

Fundi wa Mikindani anapiga windo kwa bei ya chee. Nimpe?

Muulize kwanza kama ni halali. Za kukraki, yaani zilizovunjwa kufuli la leseni, mara nyingi huwekwa baada ya kuzima kinga ya virusi, na hapo umekaribisha mwizi. Akiwa wa kuaminika, nakili kwanza vitu vyako kwenye diski ya nje. Mafundi wengi hufuta sehemu ya diski iitwayo C yote wakidhani vya maana viko sehemu ya D, kumbe picha za harusi zipo Desktop, na Desktop iko C.