Goti linakunjika vizuri, mbona kwenye ngazi linaachia?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni dereva wa bodaboda, nakaa Mikanjuni, Tanga. Nilivunjika muundi, nikafungwa hogo hadi juu ya goti kwa wiki nane. Mfupa umeunga na daktari ameniruhusu kuukanyagia. Kuna mzee ananichua na kunikunja goti kila jioni, sasa linakunjika vizuri, ila nikishuka ngazi linaachia. Nianze kunyanyua kilo ngapi?

JIBU: Marahaba. Kilo zisubiri, kwanza tumalizane na huyo mzee.

Akianza kazi yake leo, weka kiganja juu kidogo ya pia ya goti. Nyama ya paja utaikuta teketeke. Kisha nyoosha mguu mwenyewe, uone inavyokaza. Goti limepita njia ileile mara zote mbili, lakini mara ya kwanza msuli ulikuwa umelala. Yaani kila jioni unamlipa mzee afanye mazoezi ya mikono yake!

Sasa kaa kwenye kiti. Kama yeye akikunyooshea mguu unafika mwisho, na wewe ukinyoosha unaishia njiani, basi shida yako ni udhaifu wa msuli, si goti kukakamaa. Udhaifu hauchuliwi ukaisha. Tena goti likilazimishwa mpaka likavimba, maji yaliyo ndani ya kiungo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na msuli wa mbele ya paja hupunguziwa amri ya kukaza. Kwa hiyo kadiri anavyokukamua, ndivyo unavyozidi kulegea.

Unaposhuka ngazi, msuli huo unarefuka huku umeshikilia, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani bila kuachia kamba. Hapo ndipo wengi wanapokosea mazoezi: wanainua mguu kwa mbwembwe, kisha wanauachia udondoke. Chukua tyubu ya baiskeli (Tanga haikosekani), funga mguu wa kiti na kifundo chako. Nyoosha, kisha rudisha taratibu ukihesabu hadi nne. Mara kumi, mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Mbili za mwisho zikutoe jasho, la sivyo kaza tyubu. Ongeza kukaa kwenye kiti polepole bila kushika kitu. Paja likiuma kesho yake, sawa. Goti likivimba, punguza.

Shavu la mguu likivimba, likiuma na kupata joto, lisichuliwe kabisa, huenda damu imeganda humo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na wazazi, kiwiko ndicho kinachoniudhi zaidi. Mtoto anadondoka mwembeni, anapelekwa kuvutwa na kukandwa kabla ya eksirei. Msuli uliochanika na kuvia damu ukizidi kuchokonolewa, unaweza kuota mfupa ndani yake. Baadaye wananiletea mkono umegandia hauendi mbele wala nyuma, wananiuliza nina mafuta gani.