Moyo wa Gari Kutoka kwa Jirani

SWALI: Fundi, shikamoo. Kampuni za magari zimejivunia injini zao tangu zamani. Leo betri, kitu ghali kuliko vyote ndani ya gari la umeme, nyingi zinanunua kwa mtu mwingine. Huo si uvivu?
Mwalimu wa fizikia

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Niliwahi kufungua betri ya Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza. Chini ya kifuniko nilikuta moduli 48, bapa kama vitabu vya bati, kila moja ina seli 4, yaani betri ndogo ndogo zinazotunza umeme wenyewe. Jumla seli 192. Kwa hiyo ukisema "betri" unataja vitu viwili: seli zenyewe, na sanduku lenye nyaya, upoozaji na kompyuta ya kuzichunga. Sanduku kampuni nyingi huliunda zenyewe. Ubishi uko kwenye seli.

Na seli si injini, Mwalimu. Injini ni kazi ya chuma: unakereza, unapima, unafunga bolti. Seli ni kemia. Unakoroga tope jeusi, unalipaka juu ya karatasi ya shaba nyembamba kuliko unywele, unakausha, unakunja. Hewa ya chumba hukaushwa mpaka pumzi na jasho la wafanyakazi huhesabiwa kuwa adui. Punje moja ya chuma ikiponyoka, shoti inaweza kutokea gari likiwa tayari barabarani. Kiwanda kipya hutupa mali mbovu kwa miezi mingi kabla mkono haujazoea. Northvolt ya Sweden, kampuni ya kuunda seli iliyoanzishwa na watu waliotoka Tesla, ilikuwa na oda za mabilioni. BMW ikafuta yake ya euro bilioni 2 mwaka 2024, na Machi 2025 Northvolt ikafilisika.

Nissan nao walianzisha ubia wa kuunda seli mwaka 2007, pamoja na NEC, kampuni ya elektroniki ya Japani. Kampuni hiyo ya ubia ikaishia kuuzwa kwa Envision ya China mwaka 2019. (Usinitajie BYD ya China, wanaojiundia seli. Hao walianza na betri mwaka 1995, magari wakayaingilia 2003. Wametokea upande wa pili wa barabara.)

Ila kununua nako hakukuondolei aibu. Mwaka 2021 General Motors (GM) ya Marekani iliyaita magari yake ya umeme ya Chevrolet Bolt yote yarudi, kwa sababu baadhi ya seli za LG zilikuwa na kasoro mbili kwa pamoja, zilizoweza kuwasha moto: kichupo (kile kijiulimi cha chuma cha kupitisha umeme) kilichochanika, na utando unaotenga pande mbili za seli uliokunjika. LG ilikubali kubeba sehemu kubwa kabisa ya gharama, hadi dola bilioni 1.9. Lakini mwenye gari aliyeambiwa asiliegeshe ndani ya nyumba aliilaani nembo iliyo mbele ya gari lake.

Kampuni ndogo ikiniuliza, nitaiambia inunue, tena kwa wauzaji wawili. Halafu iajiri wakemia wake wa kuzipasua seli mezani na kutazama utando umelalaje, kabla hazijapanda kwenye gari hata moja.