Alama Niliyoitoa Kabla ya Kusoma

Swali la juma hili linauliza iwapo tuna haki ya kuamini tunayoyaamini, ikiwa akili zetu zina upendeleo tusioutambua. Nitajibu kama mwalimu wa Kiswahili, kwa sababu swali hili lilinishika nikiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Nilikuwa nikisahihisha insha za kidato cha tatu, na katika rundo lile mlikuwa na madaftari mawili yaliyoanza kwa methali ileile, tena kwa maneno yanayokaribiana sana. Kwenye daftari la mwanafunzi niliyemjua kuwa hodari niliandika pembeni, "Mwanzo mzuri." Kwenye lile la kijana anayekaa nyuma ya darasa niliandika, "Umekariri." Niliyaona maneno hayo pamoja baadaye, nilipokuwa nikijumlisha alama.

Huenda kijana yule alikariri kweli. Si hilo linalonisumbua. Linalonisumbua ni kwamba mtu angeniuliza, ningemwonyesha sentensi hii na ile, na ningeamini kwa dhati kuwa hizo ndizo zilizonifanya niandike vile, kumbe nilikwisha kuamua niliposoma jina kwenye jalada. Imani (sizungumzii ya dini) hupata uhalali kutokana na msingi inaousimamia, wala si kutokana na sababu tunazoiokotea baadaye. Kwa hiyo hata kama nilipatia, nilipatia kwa bahati.

Mwaka 2004 Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti wao wa Marekani, ambamo walituma wasifu wa kubuni wapatao 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Waliopewa majina yanayosikika kuwa ya Wazungu, kama Emily na Greg, waliitwa na waajiri mara moja katika kila maombi 10 hivi. Waliopewa majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi, kama Lakisha na Jamal, mara moja katika kila 15 hivi. Utafiti huo hausemi ni nani aliyebagua kwa kujua na nani bila kujua, lakini sidhani kama wengi wa waajiri hao wangetaja jina kuwa ndiyo sababu.

Mwanafalsafa Jennifer Saul ameona katika upendeleo huu shaka nzito kuliko ile ya kawaida ya wanafalsafa (kwamba huenda tunaota tu, kwa mfano), kwa kuwa hapa kosa si jambo la kuwaziwa tu bali lina dalili zake. Nakubaliana naye, ila naona shaka hiyo haienei sawasawa. Nikiona ua umelowa asubuhi na kuamini kwamba usiku mvua ilinyesha, upendeleo wangu hauna la kufanya hapo. Unaotikisika ni uamuzi wetu juu ya watu, yaani nani ana akili na nani anasema kweli. Wapo watakaosema kwamba asiyejua hana lawama. Sawa, lakini kukosa lawama si sawa na kuwa na msingi.

Kujichunguza peke yake hakutoshi. Wahenga waliposema nyani haoni kundule, hawakumaanisha kwamba akijitahidi ataliona. Katika mitihani ya taifa mtahiniwa huandika namba badala ya jina, nami sasa huwaagiza wanafunzi wangu waandike majina yao ukurasa wa mwisho. Miandiko yao, hata hivyo, naijua, na wa kijana yule naujua kuliko yote.