Kununua maunti ya darubini ukiwa Tanga: anza na latitudo

Vijana wanaonitafuta kuhusu picha za nyota huulizia darubini kwanza. Ninunue ipi, ina kioo kipana kiasi gani, inavuta mpaka wapi. Mimi nawauliza wana bajeti ya kiasi gani kwa jumla, kisha nawaambia nusu yake iende kwenye maunti, yaani kile kichwa chenye mota kinachokaa juu ya miguu mitatu na kuibeba darubini. Wengi hununa. Lakini dunia inazunguka, na nyota zinahama juu yetu digrii 15 kila saa. Ukiwa na lenzi ya milimita 200 isiyofuata nyota, sekunde mbili tatu zinatosha kugeuza nukta kuwa kistari. Darubini ya bei mbaya juu ya maunti dhaifu itakupa vistari vya bei mbaya.

Ushauri mwingi wa mambo haya umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao huanza kazi kwa kuelekeza mhimili wa maunti, yaani mstari inaouzungukia ikifuata nyota, kwenye Nyota ya Kaskazini. Sisi Tanga tuko digrii 5 kusini mwa ikweta, na nyota hiyo kwetu haichomozi kabisa. Ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota za kusini huizunguka, ipo, ila iko digrii 5 tu juu ya upeo, upana wa vidole vitatu ukinyoosha mkono, na nyota ya jirani yake, Sigma Octantis, ni hafifu hata penye giza totoro. Ukiitafuta huku pwani utakutana na minazi, utusitusi wa bahari na taa za watu. Kile kidarubini cha kulengea ncha ambacho wauzaji hukisifia, kwetu ni pambo. Usikiongezee hela.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza maunti inabeba kilo ngapi, fungua kijitabu chake utazame latitudo ya chini kabisa inayoikubali, kwa sababu mhimili huinuliwa kwa digrii za latitudo yako. Zipo zinazokomea digrii 10 au 15, na hizo hapa hazikufai hata uzipewe nusu bei. Hata zile zinazoshuka hadi 5 zina vituko vyake. Mhimili unakuwa karibu umelala, na fimbo ya uzito wa kusawazisha inaning'inia wima mbele ya miguu mitatu. Kama mguu mmoja umeelekea kusini, fimbo inaugonga hata kabla hujaanza kazi. Geuza miguu ili kusini kuwe na uwazi kati ya miwili, na ununue kile kipande cha bomba kinachoinua kichwa juu ya miguu. Bomba hilo litakusaidia pia darubini inapotazama utosini, kwa sababu wakati huo kamera iko chini, inapita karibu na miguu. Na utosini ndiko kwenye vitu vizuri: Nebula ya Orion, wingu la gesi linalong'aa, inapita karibu kabisa juu ya Tanga.

Ndiyo maana siku hizi nawaelekeza watu kwenye maunti ndogo za gia za hamoniki, zile zenye kikombe chembamba cha chuma kinachonyumbuka ndani. ZWO AM5, kwa mfano, ina kilo 5 tu na inabeba 13 bila uzito wa kusawazisha, hivyo fimbo inaondoka na ugomvi wake. Kichwa cha Sky-Watcher EQ6-R kina zaidi ya kilo 17, bado vyuma vya kusawazisha. Upande kwenye bodaboda na hicho uone. Ila gia za hamoniki zinayumba sana zikiachwa peke yake. Ukizinunua, kamera ya kuongozea, ile ndogo inayotazama nyota ili programu iirekebishe maunti, ni lazima, na iwe inapiga picha kila nusu sekunde hadi sekunde moja. Maunti ya gia za kawaida inaridhika na sekunde mbili.

Maunti za kupanda-shuka na kushoto-kulia, zile rahisi, zinafuata nyota vizuri, ila picha inazunguka ndani ya fremu. Karibu na ikweta mzunguko huo unategemea sana upande unaoutazama: mashariki na magharibi halisi karibu haupo, kusini ni balaa. Nebula ya Carina ikiwa juu kabisa huzunguka kama digrii 18 kwa saa. Kama ndiyo uliyo nayo, piga picha fupifupi nyingi za mashariki na magharibi.

Ncha usiyoiona utailenga kwa programu. NINA ni ya bure na ina nyongeza ya kupanga mhimili kwa picha tatu za sehemu yoyote ya anga. PHD2, ya bure pia, inatazama nyota inavyoteleza na kukuonyesha ukaze skrubu ipi. PHD2 hiyohiyo ndiyo itakayoongoza maunti usiku kucha.

Kwenye vifaa vya kuongozea watu hupoteza hela bure. Ujue kwanza pikseli moja ya kamera yako inachukua kipande gani cha anga: zidisha ukubwa wake wa mikromita kwa 206, gawa kwa urefu wa fokasi, yaani zile milimita za lenzi au darubini. Pikseli ya mikromita 3.76 kwenye darubini ya milimita 250 inachukua sekunde 3 za tao (digrii moja ina 3,600), na makosa ya sekunde moja hutayaona. Kidarubini cha kuongozea chenye kioo cha milimita 30 kinatosha, mradi kifungwe kwa skrubu kisitikisike. Ukifika milimita 1,000 pikseli inachukua 0.8, na hapo bora prizimu inayochota mwanga ndani ya darubini yenyewe na kuupeleka kwenye kamera ya kuongozea.

Wauzaji hawatakwambia habari ya chumvi. Plagi ya volti 12 huota ukijani pwani. Ifute kila ukirudi, na uitunze kwenye boksi lenye silika, vile vipakiti vya kufyonza unyevu. Umande nao ni mwingi, ivishe lenzi mkanda wa joto. Kusi ikivuma, usirefushe miguu, na mchangani weka vigae chini yake. Mimi huenda kwenye mashamba ya mkonge kuelekea Muheza, kwa ruhusa ya wenyewe: peupe, na taa ni chache.

Hela ikitosha maunti tu, nunua maunti, funga juu yake kamera uliyo nayo na lenzi ya milimita 135. Kuanzia Juni hadi Septemba kitovu cha Njia ya Maziwa kinapanda juu sana kwetu, na lenzi hiyo inakitosha kabisa.